Jaji Mansfield na Mtoro Somerset: Nani Ashukuriwe?

Husimuliwa mara nyingi kwamba mwaka 1772 Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Mansfield, aliketi katika kiti chake, akatamka neno moja, na tangu saa ile watumwa wote waliokuwa katika nchi ile wakawa huru. Hadithi hii ni tamu, na ndiyo maana imeenea. Lakini si kweli. Leo twataka kueleza habari za mtu huyu kama zilivyokuwa, mema yake na mapungufu yake, maana ndani yake mna somo kwa kila mwananchi apendaye haki. Sisi hatumchukii jaji huyu. Tunachokataa ni kufundishwa kwamba Mwafrika alikaa kimya akingoja kuhurumiwa.

William Murray, ambaye baadaye aliitwa Lord Mansfield, hakuwa Mwingereza bali Mskoti. Alizaliwa mwaka 1705 huko Scone, katika Perthshire. Baba yake alikuwa Viscount wa Stormont, kabaila mwenye jina kubwa lakini mali kidogo, na William alikuwa mwana wake wa nne. Siku zile Uskoti ilikuwa ikichemka. Mwaka 1707 bunge lake lilifungwa na nchi ikaunganishwa na Uingereza. Mwaka 1715 wakaondoka watu wengi na silaha kutaka kurudisha ufalme kwa ukoo wa Stuart, na mwanzoni mwa mwaka 1716 yule aliyedai kiti cha ufalme akafikia pale pale Scone, nyumbani kwa akina Murray. Uasi ulipovunjika, James, kaka yake William, alikwenda kumtumikia mdai huyo ugenini.

Basi kijana huyu alizaliwa katika nyumba iliyokuwa upande wa walioshindwa. Mwaka 1718, akiwa na miaka 13, alipanda farasi akaenda London kusoma, na makao yake yakawa Uingereza maisha yake yote. Alisoma Oxford, akawa wakili mwaka 1730, na mwaka 1742 akawa mmoja wa wanasheria wakubwa wa serikali. Mwaka 1745 Waskoti waliofuata ukoo wa Stuart waliondoka tena, na mwaka 1746 wakapigwa vibaya katika vita vya Culloden. Murray alikuwa upande gani? Alikuwa upande wa serikali. Mwaka 1747 alikuwa miongoni mwa walioendesha mashtaka juu ya Lord Lovat, kabaila mzee wa Uskoti, ambaye alihukumiwa na kukatwa kichwa.

Adui zake hawakumwamini hata hivyo. Mwaka 1753 walimshitaki kwamba ujanani mwake alipata kunywa kwa heshima ya yule mdai wa ufalme. Mashtaka yalichunguzwa, akaonekana hana hatia. Lakini twafikiri jambo hili latueleza habari nyingi za tabia yake. Mtu aliyetoka katika nyumba inayoshukiwa hujifunza kutembea kwa hadhari. Huipenda sheria, kwa kuwa sheria imemlinda. Na huchelea kuwaudhi wenye nguvu, kwa kuwa anajua wanavyoweza kumtupa. Mansfield alikuwa na yote mawili, na tutayaona yote mawili katika hukumu zake.

Mwaka 1756 alifanywa Jaji Mkuu wa mahakama ya King's Bench, akakaa katika kiti hicho mpaka mwaka 1788, yaani miaka 32. Kazi yake kubwa ilikuwa kuweka sawa sheria ya biashara: hundi, mikataba, na bima ya meli. Wafanyabiashara walimsifu, maana kabla yake mambo hayo yalikuwa yamevurugika. Lakini tukumbuke biashara ya Uingereza ya siku zile ilikuwa biashara gani. Meli zilizokatiwa bima ni pamoja na zile zilizobeba Waafrika kupeleka katika mashamba ya miwa. Jaji aliyeijua bima kuliko wenzake wote alijua vizuri kwamba katika madaftari ya bima mtu mweusi alihesabiwa kama shehena.

Sasa twaja kwa yule mtoro. James Somerset alikuwa Mwafrika aliyenunuliwa Virginia mwaka 1749 na mfanyabiashara Charles Stewart, ambaye naye alikuwa Mskoti. Mwaka 1769 Stewart alikuja naye Uingereza. Somerset alibatizwa London, akapata marafiki, na mwezi Oktoba 1771 akamkimbia bwana wake. Baada ya majuma machache akakamatwa, akatiwa minyororo katika meli iliyokuwa mto Thames tayari kwenda Jamaika, ambako angeuzwa.

Angalieni yaliyofuata. Wale waliomsimamia ubatizo walikwenda mahakamani upesi kuomba hati ya kumwamuru nahodha amlete mtu yule mbele ya jaji na aeleze kwa nini amemfunga. Mansfield akaitoa hati hiyo. Somerset, alipoachiliwa kwa muda, hakukimbilia kujificha. Mwezi Januari 1772 alikwenda mwenyewe kwa Granville Sharp, karani wa serikali aliyekuwa amejifundisha sheria kwa kusudi la kuwatetea watu weusi, akamweleza habari yake. Sharp akasaidia katika kutafuta mawakili. Kwa hiyo kesi hii haikuanzishwa na jaji. Ilianzishwa na mtumwa aliyesema, mimi sirudi.

Na jaji alifanya nini? Alijaribu sana kuikwepa. Mara kwa mara aliahirisha. Aliwashauri walalamikaji wamnunue Somerset na kumaliza maneno. Alimshauri Stewart amwachilie tu. Kisha akasema waziwazi jambo lililokuwa likimsumbua: katika Uingereza walikuwako watumwa 14,000 au 15,000, na kama kila mmoja ni pauni 50, basi wenye mali watapoteza zaidi ya pauni 700,000. Ndugu wasomaji, yapimeni maneno haya. Mbele ya jaji amesimama mtu mmoja aliyekuwa katika minyororo, na jaji anapiga hesabu ya hasara ya wale waliomfunga.

Lakini haki yake tumpe. Pande zote mbili zilipokataa kusuluhishwa, hakukimbia. Tarehe 22 Juni 1772 alitoa hukumu. Alieleza kwamba utumwa ni jambo la kuchukiza kiasi kwamba hauwezi kusimama kwa mazoea wala kwa hoja. Lazima pawepo sheria iliyotungwa kuuruhusu. Sheria hiyo Uingereza haikuwa nayo. Kwa hiyo, hata kama hukumu ingeleta usumbufu wa namna gani, mtu yule mweusi aachiliwe. Twasema ilihitaji ujasiri kutamka hayo mbele ya matajiri wa sukari, na jaji aliyekuwa mtumishi wa matajiri tu asingeyatamka.

Watu weusi waliokuwamo mahakamani waliinama kuwapa majaji heshima, kisha wakapeana mikono wao kwa wao. Siku chache baadaye watu weusi kama 200 walifanya karamu na ngoma katika nyumba moja ya Westminster, wakanywa kwa heshima ya Lord Mansfield. Walikuwa na adabu, wakamshukuru. Lakini pia walikuwa na akili, wakaitumia hukumu ile zaidi ya vile mwenyewe alivyokusudia.

Tutoe mfano. Mwezi Julai 1772 bwana mmoja alimwandikia Stewart barua ya kulalamika kwamba mtumishi wake mweusi, aitwaye Dublin, ametoroka. Dublin alikuwa amepata barua kutoka kwa Somerset, ambaye alimwita mjomba, ikimwambia kuwa Lord Mansfield amewapa uhuru wao. Basi akafunga mizigo yake akaenda zake. Hakusoma hukumu kama mawakili wanavyosoma, akitafuta mahali inapoishia. Aliisoma kama mtu anayetaka kuishi.

Mfano wa pili watoka huko huko Perthshire alikozaliwa Mansfield. Hapo alikaa John Wedderburn. Baba yake alinyongwa London mwaka 1746 kwa kufuata ukoo wa Stuart, na kijana akakimbilia Jamaika, akatajirika kwa miwa na jasho la Waafrika. Hivi ndivyo dunia ilivyo: mtoto wa aliyedhulumiwa akawa mdhalimu. Aliporudi Uskoti alikuja na Mwafrika aitwaye Joseph Knight. Knight alisoma katika gazeti habari za hukumu ya Somerset. Akaoa, akataka kuondoka pamoja na mkewe, na Wedderburn akamzuia. Mahakimu wa mtaa walimpa haki bwana mkubwa. Knight hakukubali, akapanda kwa hakimu wa jimbo, akashinda. Na Wedderburn alipokwenda katika mahakama kuu ya Edinburgh, majaji wa Uskoti mwaka 1778 wakaamua kwamba sheria ya nchi yao haiutambui utumwa hata kidogo. Waskoti hawa walisema wazi zaidi kuliko Mskoti mwenzao wa London. Na aliyewafanya waseme ni mtu aliyekuwa mtumwa, aliyejua kusoma gazeti.

Ndugu wasomaji, tunapowahimiza watu wazima wajifunze kusoma, wako wanaotucheka. Mwacheni anayecheka amfikirie Joseph Knight.

Tuingie sasa nyumbani kwa jaji. Huko Kenwood, nje ya mji wa London siku zile, alilelewa msichana mmoja, Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la maji, mtoto wa dada yake Mansfield. Mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika, Maria Belle. Mansfield alimlea Dido pamoja na mjukuu mwingine wa ukoo, Elizabeth Murray, na alimpenda. Lakini mgeni mmoja aliyekula Kenwood mwaka 1779 aliandika kwamba Dido hakuketi mezani pamoja na wageni. Aliingia baada ya chakula, wakati wa kahawa. Katika wasia wake jaji alimwachia pauni 500 pamoja na pauni 100 kila mwaka, na tena akathibitisha kwa maandishi kwamba msichana huyo ni huru. Kwa nini babu athibitishe uhuru wa mjukuu wake, kama ni kweli hukumu ya mwaka 1772 ilimaliza utumwa katika Uingereza? Mwenyewe alijua kwamba haikuumaliza.

Halafu kulikuwa na ghasia za mwaka 1780. Lord George Gordon, naye mtoto wa kabaila wa Kiskoti, aliwaongoza watu wa London kupinga sheria iliyowapunguzia Wakatoliki minyanyaso. Mansfield alijulikana kuwa hakubali watu waonewe kwa ajili ya dini yao, basi kundi likaenda nyumbani kwake Bloomsbury usiku. Yeye na mkewe walipona kwa kutoka mlango wa nyuma. Nyumba ikachomwa, vitabu vyake na maandishi ya miaka mingi yakawa majivu. Mwaka uliofuata Gordon aliletwa mahakamani kwa kosa la uhaini, na aliyeketi kitini ni Mansfield mwenyewe. Wazee walioapishwa walimwona Gordon hana hatia, akaenda zake. Jaji aliyechomewa nyumba hakuutumia uwezo wake kulipa kisasi. Hili twalisifu bila kusita, na tungependa kila mwenye madaraka alisome mara mbili.

Tena hapa tuwakumbushe vijana wetu. Lile kundi la mwaka 1780 lilikuwa kubwa na lenye kelele, nalo halikuacha nyuma ila majivu. Somerset na wenzake walikuwa wachache, hawana silaha wala mali, lakini walikuwa na umoja na walijua wanalolitaka. Nguvu ya wanyonge ni umoja wenye shabaha. Fujo huwapa wakubwa sababu ya kuleta askari.

Kisha ikaja kesi ya meli iitwayo Zong, na hapa ndipo moyo unapouma. Mwaka 1781 meli hiyo ya matajiri wa Liverpool ilitoka pwani ya Afrika ya Magharibi na Waafrika 442, zaidi ya mara mbili ya watu iliowaweza. Ilipokaribia Jamaika, mabaharia waliwatupa baharini watu wapatao 130, wakiwa hai, kwa kisingizio kwamba maji ya kunywa yamepungua. Wenye meli wakadai bima: pauni 30 kwa kila mtu aliyetupwa. Mwaka 1783 kesi ilisikilizwa mbele ya Mansfield, na wazee walioapishwa wakawapa ushindi wenye meli. Haikuwa kesi ya mauaji, ilikuwa kesi ya bima.

Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa amejikomboa kwa fedha zake, ndiye aliyekwenda kumpasha habari Granville Sharp. Bima walipoomba kesi isikilizwe upya, Mansfield alieleza kwamba katika kesi ya kwanza jambo hili lilichukuliwa sawasawa na kama farasi ndio waliotupwa majini. Alikiri kuwa ni jambo la kutisha. Mbele yake ulitolewa ushahidi kwamba mvua ilinyesha na bado watu wakatupwa. Akakubali kesi isikilizwe upya. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeshitakiwa kwa mauaji. Jaji yule yule aliyemfungua mtu mmoja katika meli ya mto Thames hakupata neno la sheria la kuwaita watu 130 watu.

Mwaka 1785, katika kesi nyingine, alieleza mwenyewe kwamba hukumu yake ya Somerset haikwenda mbali zaidi ya hapa: bwana hawezi kumlazimisha mtumwa kwa nguvu atoke katika nchi. Basi. Mansfield alikufa mwaka 1793, akiwa na miaka 88, akiwa tajiri na mwenye cheo cha Earl. Wakati huo meli za Uingereza zilikuwa zingali zikichukua Waafrika.

Biashara ile ilikatazwa na bunge la Uingereza mwaka 1807. Sheria ya kuondoa utumwa katika makoloni yake ilipitishwa mwaka 1833, na ile kazi ya lazima iliyowekwa badala yake ikaisha mwaka 1838. Serikali ilitoa pauni milioni 20 za fidia. Alipewa nani? Walipewa wenye watumwa. Waliofanyishwa kazi bure hawakupata hata senti. Deni lililotokana na fidia ile lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Ile hesabu ya Mansfield ya mwaka 1772, kwamba wenye mali wasipate hasara, ndiyo iliyotawala mpaka mwisho.

Na hesabu hiyo ilifika hata kwetu. Amri ya Zanzibar ya mwaka 1897, iliyotolewa na Sultani chini ya shauri la Waingereza, haikumwachilia mtumwa. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na bwana wake aliweza kulipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa kabisa katika amri ile. Bibi mzee wa shamba la karafuu, asiyejua kusoma, ndiye aliyetakiwa amwache bwana wake shambani na aende mjini kusimama mbele ya hakimu. Wengi walikwenda. Hao hawana sanamu, lakini wao na Somerset ni watu wa safari moja.

Basi jibu letu kwa swali la juu ni hili. Mansfield ashukuriwe kwa yale aliyoyafanya: kwamba alipobanwa alisema kweli, na kwamba aliyemchomea nyumba hakumnyima haki. Nchi yoyote yahitaji majaji wasiomwogopa tajiri wala kundi lenye mienge, na sisi twataka majaji kama hao, wawe wana wa nchi hii, wakihukumu kwa lugha ambayo mshitakiwa anaielewa. Lakini shukrani ya kwanza ni ya mtoro. Bila Somerset kukataa kurudi, bila Dublin kufunga mizigo, bila Knight kusoma gazeti, bila Equiano kubisha hodi kwa Sharp, jaji yule angekufa anasifiwa kwa sheria ya hundi.

Twaandika haya kwa kuwa hata katika nchi iliyo huru kuna ugonjwa wa kungoja mkubwa mwema. Mwenye shamba lake lililochukuliwa hasemi, angoja kiongozi fulani apite. Mfanyakazi asiyelipwa hasemi, angoja bwana aone huruma. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkubwa mwema ni baraka, lakini hudumu kwa muda na huruma yake ina mpaka. Sheria iliyosimamiwa na wananchi wenyewe, wanaojua kusoma na wasioogopa kwenda mahakamani, hiyo haizeeki pamoja na mtu.

Kwa hiyo, ndugu mwanachama, jifunze sheria inayokuhusu. Msomee jirani asiyejua kusoma. Ukiona mtu anaonewa, usiseme si langu; wale waliomwombea Somerset ile hati hawakuwa ndugu zake wa damu. Na ukisikia tena hadithi ya jaji aliyewaweka huru watumwa, uliza kwa upole: yule mtumwa aliyesimama mbele yake aliitwa nani?